Masikio kabla ya macho: namna ya kuyapokea majira ya kuchipua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi katika nchi yenye baridi kali na theluji, na kazi yangu ni ya ndani, mbele ya kompyuta. Kila mwaka najiambia kwamba safari hii nitayaona majira ya kuchipua yakiingia, na kila mwaka nashtukia miti imeshajaa majani. Nimesoma kwamba mtu anaweza kujenga ukaribu na viumbe na mimea kwa kutumia milango yake ya fahamu. Nimejaribu: nilikwenda bustanini, nikasimama, nikavuta pumzi, nikaangalia huku na huku. Sikuhisi kitu zaidi ya baridi ya vidole. Je, hisi hufundishika, au baadhi yetu tumezaliwa hivi? Nina nusu saa kwa siku, na karibu nami hakuna msitu, ila bustani ndogo ya umma yenye miti michache.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukuzaliwa hivyo, na hakuna ubaya wowote katika hisi zako. Ulichokosa siku ile ni kitu cha kulinganisha nacho.

Milango ya fahamu ya binadamu ni hodari wa kukamata badiliko, lakini ni mizito mbele ya hali iliyotulia. Saa ya ukutani huisikii ikigonga, ila ikisimama unainua kichwa. Nguo uliyovaa asubuhi ngozi yako ilishaisahau kabla hujafika mlangoni. Sasa wewe ulikwenda bustanini mara moja, katika siku moja, ukataka bustani ikuambie kwamba majira yanabadilika. Isingeweza. Ulikuwa kama mgeni aliyeingia katikati ya hadithi: maneno anayasikia yote, lakini hajui kwa nini wenzake wamenyamaza ghafla.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utashika mmoja tu basi ushike huu, ni kwamba uanze sasa, wakati bado hakuna kinachotokea. Chagua mahali pamoja. Nasema pamoja, padogo, pa kukaa mtu mmoja: benchi, kisiki, ukingo wa njia. Urudi hapo hapo kila siku au kila baada ya siku moja, saa ile ile. Watu wengi husubiri jua la kwanza ndipo watoke, na hapo wanakuwa wamekosa nusu ya jambo lenyewe, kwa sababu hawajui bustani ilikuwaje ilipokuwa kimya. Anayeyajua matawi makavu kwa wiki tatu ndiye anayeshtuka tawi moja linaponenepa.

Bustani yako yenye miti michache inafaa kuliko unavyodhani. Msitu mkubwa humzidi nguvu anayeanza. Hajui aangalie wapi. Tafuta mti mmoja ambao vitawi vyake unavifikia kwa mkono, kipande cha udongo usiofunikwa na saruji, na kama kuna maji yoyote, hata dimbwi, kaa karibu nayo. Hiyo inatosha kabisa.

Na hiyo nusu saa usiidharau. Mwaka 2019 watafiti waliochambua majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza waliona kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, na haikujalisha kama dakika hizo zilipatikana kwa mkupuo mmoja au vipande vipande. Wewe una dakika 210. Hata hivyo mimi huwa siwapi watu hesabu ya dakika kama dawa. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine. Halafu watafiti wa Chuo Kikuu cha Derby, wanaochunguza uhusiano wa watu na maumbile, wameonyesha kwamba urefu wa muda hauna uzito kama kile mtu anachokifanya ndani ya muda huo: kunusa ua, kusikiliza ndege, kumtazama kipepeo hadi apotee. Mtu anaweza kupita bustanini saa nzima akiwa na simu sikioni, akatoka kama alivyoingia.

Sasa tuje kwenye hisi zenyewe. Nitakuomba jambo ambalo wanafunzi wangu wapya hulipinga: wiki mbili za mwanzo, yaweke macho nyuma. Macho yana haraka. Yakiona mti yanasema "mti" na yamemaliza kazi. Sikio na pua havina majina ya haraka namna hiyo, kwa hiyo vinakulazimisha kukaa.

Anza na masikio. Kaa, fumba macho, usifanye chochote kwa dakika kumi na tano. Kuna sababu ya kimaumbile ya kusema kumi na tano. Ulipoingia uliwatisha, ndege wa karibu walinyamaza au waliondoka, na wa mbali walipokea habari zao. Wanahitaji muda waamini kwamba wewe si tishio. Mtu anayekaa dakika tano anaisikia bustani iliyoogopa, kisha anaondoka akidhani amesikia bustani.

Wakishatulia, hesabu sauti kuanzia ya mbali kuja ya karibu. Magari pia yahesabu, usiyapige vita. Kisha kinga viganja nyuma ya masikio, uvielekeze mbele kama masikio ya sungura. Utashangaa tofauti ilivyo kubwa, na ukigeuza kichwa polepole utaweza kujua ndege yuko mti gani bila kumwona. Ninalifundisha zoezi hili kwa watu wazima wenye heshima zao, na kila mara nyuso zao hubadilika.

Mara moja tu katika majira haya, jitahidi kutoka alfajiri. Najua kazi inachosha, ndiyo maana nasema mara moja. Fika saa moja kabla ya jua kuchomoza, usikilize mpaka kupambazuke. Kinachokuja si kelele inayoanza kwa pamoja. Ndege mmoja hutangulia gizani, halafu wa pili, kila aina kwa zamu yake, na watafiti wameona kwamba kwa jumla ndege wenye macho makubwa hutangulia, kwa kuwa wao huanza kuona mapema kuliko wenzao. Wengi wa waimbaji hao ni madume: wanatangaza mipaka na kuita majike. Kinachowaamsha hasa ni mwanga, kuliko joto. Ndani kabisa ya ubongo wa ndege kuna chembe zinazopokea mwanga unaopenya kwenye fuvu, na siku zinaporefuka chembe hizo huanzisha homoni za uzazi. Ndiyo maana utasikia wimbo wa kwanza siku ambayo theluji bado ipo chini na wewe bado unatetemeka. Ndege ameshaipima siku.

Wewe pia unaweza kuipima. Karibu na siku ambayo mchana na usiku hulingana, mwezi Machi kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa nchi za kusini, mchana hurefuka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 unaongezeka karibu dakika 4 kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Kwenye nyuzi 60 unaongezeka zaidi ya dakika 5 kwa siku. Ukikaa kwenye benchi lako saa ile ile, ndani ya wiki mbili utaona kwamba kivuli hakipo kilipokuwa. Ukisikia mtu anasema majira yamekuja ghafla, ujue hakuwa na mahali pa kurudi.

Kama bustani yako iko katikati ya mji wenye makelele, kuna jambo moja la kusikiliza. Mwaka 2003 watafiti wa mji wa Leiden, Uholanzi, waliwarekodi ndege wadogo wa aina moja katika sehemu mbalimbali za mji, wakaona kwamba palipokuwa na kelele nyingi ndege hao waliacha sauti nzito za chini na kuimba kwa sauti nyembamba zaidi, isimezwe na ngurumo ya magari. Basi unaposikia ndege wa mjini akiimba kwa sauti kali juu ya barabara, huenda unasikia juhudi ya kiumbe anayetaka asikike. Mimi jambo hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Pua nitaiongelea kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayonyimwa nafasi kuliko zote.

Wakati wa baridi kali dunia haina harufu nyingi, na si kwamba pua yako imeharibika. Harufu ni chembechembe zinazoruka kutoka kwenye kitu mpaka puani, na kwenye baridi chembechembe hizo hazina nguvu ya kuruka. Udongo umeganda, maji yameganda, kila kitu kimefungiwa. Joto linapopanda kidogo tu, mlango unafunguka. Mtu anapotoka nje siku moja na kusema "leo kuna kitu hewani", mara nyingi hajakosea: ni kweli kuna kitu hewani ambacho jana hakikuwapo.

Kinachoongoza ni harufu ya udongo. Inatoka hasa kwenye kemikali inayoitwa jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, wakiwemo wa jamii ya Streptomyces. Pua ya binadamu ina wepesi wa ajabu kwa jeosmini. Tunainusa hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Na udongo hauitoi bure. Mwaka 2020 wanasayansi walieleza kwamba harufu hiyo huvuta viumbe vidogo vya udongoni, vyenye miguu sita na vinavyoruka kama viroboto, ambavyo huja kula bakteria hao na kuondoka na spora zao, yaani vijimbegu vyao vya kuzaliana, mwilini, vikizisambaza. Kwa hiyo ile harufu unayoipenda baada ya theluji kuyeyuka ni mwito uliokusudiwa wengine. Sisi tunausikia njiani.

Mvua ya kwanza isiyo ya theluji ikinyesha, toka. Usingoje iishe, na usisikitike kama ni manyunyu. Harufu ya mvua kwenye ardhi kavu ilipewa jina mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliiita petrikori. Jinsi harufu hiyo inavyofika puani ilionekana vizuri mwaka 2015, wataalamu wa Marekani walipopiga picha za kasi kubwa za tone likianguka ardhini. Tone linapogusa udongo hukandamiza viputo vidogo vya hewa chini yake. Viputo hupanda ndani ya tone na kupasuka juu, vikirusha ukungu mwembamba uliobeba kilichokuwa kwenye udongo. Na mvua nyepesi au ya wastani hufanya kazi hiyo kuliko mvua kubwa. Manyunyu ndiyo yenye manukato.

Zoezi lake ni hili. Chukua udongo kiasi cha kujaza kijiko, uuweke kiganjani, uupulizie pumzi ya moto kutoka kinywani mara mbili tatu, halafu unuse kwa mivuto mifupi mifupi kama anavyofanya mbwa. Usivute kwa nguvu mara moja. Pua huchoka na kuzoea upesi, na mvuto mrefu huimaliza. Nusa, ondoa, pumzika, nusa tena. Kisha fanya hivyo hivyo kwa jani lililooza, kwa gamba la mti lililolowa, kwa kitawi ulichokikwangua kidogo kwa ukucha. Nawa mikono baadaye, na ukiwa na kidonda kiganjani au kinga yako ya mwili imeshuka, tumia majani na magamba, udongo uuache.

Usishangae ukipatwa na machozi au kumbukumbu ya ghafla. Habari za pua hufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko za macho na masikio. Harufu humrudisha mtu alikokuwa miaka ishirini nyuma kabla hajajua amenusa nini. Katika barua yako hukusema una majonzi yoyote, lakini nakutahadharisha kwa sababu nimewaona watu wakiogopa, wakadhani wameharibikiwa.

Kugusa nilifundishwa na mwanafunzi wangu mmoja, mtu asiyeona. Miaka ile mimi nilijiona mjuzi wa matumba, yaani yale majani na maua yaliyojikunja yakingoja kufunguka, na nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi jinsi ya kuyatazama kwa kioo cha kukuzia. Nilisimama mbele ya mti mmoja nikasema kwamba huu bado umelala. Yeye akashika kitawi, akakipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema, "Mwalimu, huu umeamka. Jana ulikuwa mkavu, leo unanata." Nikatazama tena. Macho yangu hayakuona chochote. Siku mbili baadaye magamba ya tumba yakaachana, na kijani kikatokea. Kuanzia siku hiyo sijawahi kufundisha matumba bila kuwafumbisha watu macho.

Basi shika kitawi cha mti wako kila siku, kile kile. Kifunge uzi mwembamba ukikumbuke, na uufungue majira yakiisha. Matumba unayoyashika leo hayakutengenezwa mwaka huu. Mti uliyaandaa tangu kiangazi kilichopita, majani madogo yakiwa yamekunjwa ndani tayari. Miti mingi ya nchi za baridi haifungui matumba kwa sababu tu siku moja imekuwa na joto. Ni lazima kwanza ipitie wiki kadhaa za baridi, kana kwamba inazihesabu, ndipo huliamini joto. La sivyo ingechipua katikati ya majira ya baridi na kuungua kwa barafu. Ukitaka kushuhudia, chukua kitawi kilichoangushwa na upepo mwishoni mwa majira ya baridi, kikiwa bado kibichi ndani, ukikate ncha upya na kukitia kwenye glasi ya maji karibu na dirisha. Mara nyingi ndani ya wiki moja hadi tatu kitafunguka mbele yako, mezani, pembeni ya kompyuta yako.

Gusa pia shina, upande wa jua na upande wa kivuli. Gusa jiwe, kisha mbao za benchi: joto lao ni moja, lakini jiwe linavuta joto la mkono wako haraka kuliko mbao, ndiyo maana unaliona baridi zaidi. Vidole vilivyokuuma siku ile, mwanangu, vilikuwa vinafanya kazi yake. Baridi ya vidole nayo ni habari. Andika ilivyokuwa, na baada ya wiki tatu uilinganishe.

Kuna wanaofundisha kuweka sikio kwenye shina ili kusikia utomvu ukipanda. Wewe sikiliza, ni jambo zuri, ila ujue kwamba unachosikia kwa kawaida ni matawi yanayotikiswa na upepo huko juu, sauti zake zikisafiri ndani ya mti hadi kwako. Kwangu hilo linatosha.

Sasa yaruhusu macho. Yatakuwa yameshapata adabu.

Kosa la wengi ni kutazama juu, wakingoja majani. Majira ya kuchipua hupanda kutoka chini. Maua madogo ya ardhini hutangulia, kwa kuwa yana wiki chache tu za kupata jua kabla miti haijafunika mbingu. Vichaka vifupi hufuata, kwa sababu hiyo hiyo. Miti mikubwa huja mwisho, na mwaloni mara nyingi huwa miongoni mwa wa mwisho kabisa. Anayetazama juu huona mti mtupu kwa wiki nyingi, halafu siku moja anakuta umejaa majani, anashtuka. Nadhani hicho ndicho kilichokupata wewe kila mwaka.

Inama basi. Kama bado kuna theluji, tazama chini ya miti: kuzunguka shina utaona duara la ardhi iliyo wazi, kwa kuwa gamba jeusi hunywa jua na kuyeyusha theluji iliyo karibu. Maua ya tulipu ukiyakuta, yatazame asubuhi yenye baridi na uyarudie mchana wenye jua. Yatakuwa yamefunguka, na jioni yatafunga tena. Petali zake zina nyuso mbili zisizokua kwa kasi moja: joto huchochea upande wa ndani, baridi huchochea wa nje. Ukipata mierebi kando ya maji, gusa vishada vyake laini kama manyoya ya paka, kisha utazame nani anayevitembelea. Mara nyingi ni nyuki wakubwa wenye manyoya, wazito, wanaoruka chini chini juu ya majani makavu wakichungulia mashimo. Hao ni malkia waliolala peke yao majira yote ya baridi, na kila mmoja anatafuta mahali pa kuanzisha kundi jipya. Huweza kuruka siku ambayo nyuki wengine hawathubutu, kwa sababu hutetemesha misuli ya mabawa mpaka mwili upate joto. Ukimkuta mmoja chini, ametulia juani, mwache. Huenda anapasha moto tu.

Tazama pia miti ya mbali kwa pamoja, bila kukodolea mmoja. Siku chache kabla ya majani, vilele huwa na ukungu wa rangi, mwekundu au wa manjano, ambao ukisogea karibu haupo. Ni maelfu ya matumba yakivimba. Kwa hili macho yanafaa kulegezwa. Na naomba simu ibaki mfukoni, au ukipiga picha iwe moja, kutoka pale pale, kila wiki. Programu za kutambua mimea kwa picha ni nzuri, nami ninazo, lakini usizitumie mwezi wa kwanza. Jina likija mapema, kutazama hukoma.

Kuhusu ulimi nitasema kidogo. Usionje mmea wa porini kwa sababu tu umeambiwa kwamba hisi ni tano. Majani ya mwanzo wa majira hufanana mno, na kila mwaka kuna watu wanaougua kwa kuchanganya majani yanayolika na yenye sumu. Fungua kinywa upumue hewa ya asubuhi, utaipata ladha yake, nayo haimdhuru mtu.

Mambo mawili ya afya. Kama chavua hukusumbua kwa mafua na macho kuwasha, toka baada ya mvua, vaa miwani, na uoge ukirudi, usijilazimishe. Na penye nyasi ndefu kagua mwili kwa kupe ukifika nyumbani, nyuma ya magoti, kiunoni, kwenye nywele, kwani huanza kutembea mapema, siku ambazo wewe bado unaziona za baridi. Nikuongezee la tatu. Ulisema hukuhisi chochote. Kama hali hiyo ni ya bustanini tu, maneno yangu yatakusaidia. Kama ni ya kila kitu, chakula hakina ladha, watu hawana mvuto, na imedumu wiki nyingi, tafadhali muone daktari. Kukaa bustanini kutafuatana vizuri na matibabu, lakini hakuwezi kushika nafasi yake.

Siku usizoweza kutoka, kaa dirishani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dozi chache zaidi za dawa kali za maumivu. Dirisha la ofisi yako linaonyesha nini? Hata mti mmoja wa barabarani unaweza kuwa wako.

Mwisho ni daftari. Usiandike hisia zako ndefu. Wengi huchoka siku ya nne. Andika tarehe na jambo moja kwa kila hisi uliyoitumia: "Tumba la tatu limeanza kunata." "Ndege mmoja, gizani, upande wa barabara." Mwingereza Robert Marsham alianza kuandika namna hiyo mwaka 1736, jani la kwanza, chura wa kwanza, mbayuwayu wa kwanza, dalili 27 kwa jumla, na ukoo wake ukaendeleza daftari hilo hadi mwaka 1958. Kule Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa micheri zimepatikana katika maandishi tangu mwaka 812, na ndizo zinazotuonyesha kwamba mwaka 2021 maua hayo yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa kabla yake. Waliozishika tarehe hizo za kale walikuwa wakitazama maua tu. Leo wanasayansi wanasoma kwao jinsi dunia inavyopata joto.

Kwa hiyo kesho, saa utakayoichagua, nenda bila kutarajia kitu. Keti, fumba macho, sikiliza. Kisha ushike kitawi chako na uandike mstari wa kwanza, hata kama ni "kikavu, kigumu, baridi". Siku kitakapoanza kunata, niandikie uniambie ilikuwa tarehe ngapi.